Kutetea Haki za Watu Wenye Ulemavu Bungeni: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye mikutano ya vyama vya watu wenye ulemavu wilayani, na mengine kwa wazazi wanaonipigia simu jioni. Nimeyajibu kwa yale niliyojifunza nikitembea na magongo yangu mawili kati ya ofisi za kata, halmashauri na Dodoma. Ninazungumzia Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Zanzibar ina swali lake huko chini.

Sheria tunayo. Kwa nini bado tuhangaike na Bunge?

Tunayo, tena ni sheria nzuri. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Humo kuna elimu, afya, ajira, majengo yanayofikika na habari kwa njia tunazoweza kuzipata. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo kulikuwa na Sera ya Taifa ya mwaka 2004.

Sasa nenda shule yoyote yenye kitengo cha wanafunzi wasioona, uliza mashine za kuandikia nukta nundu ziko ngapi na nzima ni ngapi. Jibu utakalopewa halitokani na ubovu wa sheria. Limetokana na bajeti. Haki iliyoandikwa na isiyotengewa fedha inabaki kuwa hisani ya mwalimu mkuu mwenye huruma, na akihamishwa inaondoka naye. Bunge ndilo linalopitisha fedha na ndilo linaloihoji Serikali fedha hizo zilikwenda wapi. Ndiyo maana tunakwenda.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 11, inataja ulemavu sambamba na uzee na maradhi, katika habari ya mtu kusaidiwa na jamii. Ibara hiyo imo kwenye sehemu ya Katiba ambayo huwezi kwenda kuidai mahakamani. Ibara ya 13 inayokataza ubaguzi inaorodhesha misingi kadhaa, lakini ulemavu haumo. Kwa hiyo ulinzi wetu kwa kiasi kikubwa umesimama juu ya sheria ya 2010 na mikataba, na sheria hubadilishwa na wabunge wale wale. Lazima tuwe karibu nao.

Je, tuna wabunge wetu maalum?

Katiba yetu haijatenga kiti hata kimoja kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Majirani wamefanya hivyo: Uganda ina wabunge watano wa kundi hili, Kenya ina maseneta wawili, mwanamke na mwanamume, na Rwanda ina mbunge mmoja anayechaguliwa na mashirika ya watu wenye ulemavu. Kwetu njia zimekuwa tatu: viti maalum vya wanawake, ambako chama kinaweza kuamua kutenga nafasi kwa kundi letu, uteuzi wa Rais, na jimbo.

Zote tatu zimewahi kuzaa matunda. Margareth Mkanga alitusemea kwa miaka mingi akiwa mbunge wa viti maalum. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa na Rais Kikwete mwaka 2008, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yakiitikisa nchi, na kule kuonekana tu kwa mama mwenye ualbino amesimama bungeni kulikuwa na uzito wake. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao wa jimbo. Dk. Abdallah Possi aliteuliwa mwaka 2015 kuwa mbunge na Naibu Waziri, na baada yake Stella Ikupa na kisha Ummy Nderiananga walishika unaibu waziri wenye dhamana ya kundi hili.

Ninawaheshimu wote hao. Lakini mbunge anayesubiri jina lake lirudi kwenye orodha ya chama, au aliyeteuliwa, hana jimbo linalomshika mkono siku ya kuibana Serikali. Naamini tunahitaji viti vilivyotajwa na Katiba, na tulisemee hilo bila kigugumizi kila mjadala wa Katiba mpya unapofunguliwa.

Mbunge wetu wa jimbo hana ulemavu. Atatusikia kweli?

Mwendee yeye kwanza. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Waongeze mama zao, wake na waume zao, watoto wao, ndugu wanaowalea, kisha piga hesabu kwa vitongoji vya jimbo lenu. Hakuna mbunge anayeweza kuupuuza mtaji huo wa kura akionyeshwa vizuri.

Halafu mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani. Jambo moja analolibeba Dodoma anaweza kulibeba pia halmashauri, ambako ndiko fedha nyingi zinazotugusa zinakogawanywa.

Nina ombi moja tu. Usiende kwake kuomba kiti mwendo kimoja kwa mtu mmoja, eti picha ipigwe. Akikupa, mshukuru, lakini umeshatumia nafasi ya watu mia.

Twende lini? Tulipeleka barua mwezi Mei, tukajibiwa bajeti imeshafungwa.

Mlijibiwa ukweli. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bunge la Bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, lakini wabunge wanapoanza kuchangia mwezi wa nne, vitabu vya makadirio vimeshachapwa. Halmashauri hupanga bajeti zao miezi ya mwanzo ya mwaka, na Machi kamati za kudumu za Bunge zinakaa kuchambua makadirio ya wizara. Wenye kutaka fedha ziingie huanza Oktoba na Novemba, wakati maofisa mipango bado wanakusanya vipaumbele.

Mei si ya kukaa kimya, lakini ni mwezi wa kuhoji zaidi kuliko wa kuomba. Mikutano mingine ya Bunge, ile ya Januari na Februari, ya Agosti na Septemba, na ya Novemba, inafaa kwa maswali na miswada.

Mbele ya kamati tuseme nini? Tunapewa dakika chache mno.

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo tulipoumia.

Mara ya kwanza tulipokwenda kutoa maoni mbele ya kamati, tulibeba waraka wa kurasa nyingi wenye mapendekezo ya kila aina: elimu, barabara, ajira, michezo, mikopo. Msomaji wetu alifika ukurasa wa tatu, muda ukaisha. Wajumbe walitushukuru kwa upole. Tukatoka na biskuti na chupa za maji.

Aliyeokoa siku ile alikuwa dada mmoja mwenye ualbino. Alifungua mkoba wake akatoa mrija wa mafuta ya kukinga jua, akauweka mezani. Mrija ulikuwa umepasuliwa kwa mkasi kutoka juu hadi chini, kwa sababu alikuwa amekomba mpaka yale yaliyoganda pembeni. Akasema huu ndio wa mwisho, na kituo cha afya cha kwao hawana mwingine. Chumba kizima kilinyamaza. Mjumbe mmoja akauliza: unakaa siku ngapi mrija mmoja? Akajibu. Akauliza tena: wilayani kwenu mko wangapi mnaouhitaji?

Hapo hatukuwa na jibu. Tulikuwa na kurasa zote zile, na hilo tu hatukulijua.

Tulirudi nyumbani tukaanza kuandikisha kata kwa kata, jina, umri, kituo cha afya cha karibu. Tulipokwenda tena tulikuwa na ukurasa mmoja: idadi ya watu, idadi ya mirija kwa mwaka, bei yake, na nani anatakiwa kununua. Mafuta haya hayahitaji kusubiri meli. Pale Moshi, hospitali ya KCMC, yanatengenezwa yale ya KiliSun kwa ajili ya ngozi za watu wenye ualbino. Saratani ya ngozi inawaua wenzetu wakiwa vijana, na inazuilika. Kwa hiyo hoja yetu ilikuwa nyepesi kueleweka: yanunuliwe, yafike zahanati, yasikatike.

Basi chukua jambo moja. Liwe na idadi, bei na jina la anayewajibika. Mengine yaandike kwenye kiambatisho. Na anayesema awe mwenye jambo lake mwenyewe. Ofisa mradi wa shirika akae nyuma amshikie karatasi.

Tutajuaje ombi letu liko wizara gani?

Tafuta fungu. Kila wizara ina namba yake kwenye vitabu vya bajeti: Elimu ni Fungu 46, Afya ni 52, TAMISEMI, yenye dhamana ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ni 56. Muundo wa Serikali hubadilika mara kwa mara, hasa ofisi yenye dhamana ya watu wenye ulemavu, kwa hiyo hakikisheni kila mwaka. Makosa mengi hutokea hapa. Watu wanamlilia Waziri wa Elimu kuhusu vyoo vya shule ya msingi, kumbe uendeshaji wa shule za msingi uko TAMISEMI. Waziri anajibu kwa adabu kwamba suala hilo amelipokea na atawasiliana na mwenzake. Hapo mmeshapigwa danadana, na mwaka umekwisha.

"Kushika shilingi" ni nini, na inatusaidiaje?

Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu ya wizara, mbunge anaweza kusimama kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri akasema asipopata maelezo ya kuridhisha anaondoa shilingi. Wenzake wakisimama kumuunga mkono, panafunguliwa mjadala. Waziri anatakiwa aeleze, na mara nyingi anatoa ahadi mbele ya nchi nzima. Mbunge akiridhika anairudisha shilingi yake.

Ni silaha nzuri kwa jambo dogo lililo wazi. Mpe mbunge wako sentensi mbili za kusoma. Lakini msiitegemee peke yake, kwa sababu muda ukiisha gilotini hushuka na mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila maswali. Ndiyo maana mimi naona ushindi mkubwa zaidi uko kwenye taarifa ya kamati. Taarifa ile husomwa bungeni mara baada ya hotuba ya Waziri, na sentensi moja ndani yake, kwamba Kamati inaishauri Serikali kufanya jambo fulani, inabaki kwenye kumbukumbu na inaweza kuulizwa mwakani: ushauri ule mliutekelezaje?

Tunaweza kumwomba mbunge apeleke muswada binafsi wa posho ya kila mwezi kwa watu wenye ulemavu mkubwa?

Wazo zuri, njia ngumu. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada unaogusa kodi au matumizi ya fedha za Serikali, isipokuwa pale Rais alipopendekeza na Waziri kuuwasilisha. Muswada wa posho utakwama mlangoni. Muswada binafsi unafaa kwa mambo yasiyodai fedha moja kwa moja, kama kurekebisha tafsiri au wajibu wa waajiri. Posho idaini kwa njia ya maswali na taarifa za kamati, mpaka Serikali yenyewe iibebe.

Ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri ilipatikanaje?

Hii ni hadithi ya kuwasimulia vijana wanaosema Bunge halileti kitu. Zamani halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake na vijana, tano kwa tano. Sisi hatukutajwa. Baada ya kupigiwa kelele, mgawanyo ukawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2018, kupitia Sheria ya Fedha, jambo hilo likaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na mikopo ikawa haina riba. Kilichokuwa agizo la kutekelezwa kwa kupenda kikawa wajibu wa kisheria.

Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo yote ili kupanga upya utaratibu, baada ya fedha nyingi kutorejeshwa. Ilirudi Julai 2024. Katika kipindi kile kila mwenye banda la kushona viatu aliyekuwa amejipanga kukopa alikwama. Jifunzeni kitu hapo: kifungu cha sheria kilibaki palepale, na ndicho kilichotupa sauti ya kuuliza mikopo inarudi lini.

Fuatilieni pia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Hutua bungeni Aprili. Angalieni halmashauri yenu imeandikwa nini kuhusu asilimia 10, mkampelekee mbunge ukurasa wenyewe.

Tutumie maneno gani? "Walemavu" ni kosa?

Tumieni "watu wenye ulemavu". Utu utangulie. "Walemavu" bado lipo kwenye majina ya vyama vikongwe na kwenye vinywa vya wazee wetu, sitamgombeza mtu. Ila "kilema" na "vilema" tuyazike. Ngeli yenyewe inamweka mtu pamoja na vitu. Sema asiyeona, mwenye ualbino, mwenye usonji, mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kiziwi ni tofauti: viziwi wenyewe wamelichagua, na chama chao, CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), kimelibeba kwenye jina. Wao wana lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania, na wengi hawapendi kuitwa "wasiosikia" kana kwamba wamepungukiwa.

Mbunge akiteleza kwenye neno akiwa anatutetea, msahihishe baada ya kikao, chemba. Msimwaibishe kwenye kipaza sauti.

Nani atalipia mkalimani? Na majengo je?

Tajeni mahitaji yenu kwenye barua ya kuomba miadi, si siku ya kikao: mkalimani wa lugha ya alama, nakala ya nukta nundu au ya maandishi makubwa, chumba cha chini, nafasi ya msaidizi. Kisha jiandaeni na mkalimani wenu hata kama mmeahidiwa. Mkalimani mmoja hatoshi kwa kikao cha saa nzima. Mikono inachoka, na akichoka yeye, viziwi wanapotea.

Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha kujadili majengo yanayofikika, katika ofisi moja ya umma, ghorofa ya pili, lifti mbovu. Vijana wawili wa ulinzi walinibeba ngazi zote, mmoja kanishika kwapani, mwingine magotini, magongo yangu yakafuata nyuma kama mzigo. Nilikaa mezani nikashindwa kusema kwa dakika nzima. Tangu siku ile nikiitwa nauliza kwanza: ngazi ngapi? Na kama jibu si zuri, naomba kikao kishuke chini. Kinashuka. Ombeni tu.

Mwanangu ana ulemavu wa akili. Nimsemee mimi au aje mwenyewe?

Njooni wote wawili. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anajua mambo ambayo hakuna mtaalamu anayajua: saa ngapi za siku anamshika mtoto mkononi, biashara gani aliacha, nauli ya kwenda mazoezi ya viungo. Hayo ayaseme kwa kinywa chake. Ila kijana mwenye ulemavu wa akili anayeweza kusema anachopenda na asichopenda, apewe nafasi hata kama ni sentensi moja, na maswali yaulizwe kwake kwa maneno mepesi, polepole. Kundi hili ndilo linalosahaulika hata ndani ya vyama vyetu wenyewe. Sisi wenye ulemavu wa viungo tumezoea kukaa mbele.

Sisi tuko Zanzibar. Tufanyeje?

Sheria ya 2010 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ilitangulia na sheria yake ya mwaka 2006, ambayo baadaye ilipisha sheria mpya ya mwaka 2022, na mlango wenu ni Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Kalenda na kanuni zake ni tofauti, lakini ukurasa mmoja wenye idadi na bei unafanya kazi kote.

Waziri ametoa ahadi bungeni. Baada ya hapo?

Shangilieni siku moja, kesho yake mkatafute Hansard. Taarifa Rasmi za Bunge huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Nakilini maneno ya Waziri neno kwa neno, na tarehe. Baada ya miezi michache mwombeni mbunge aulize swali la msingi kuhusu ahadi ile ile. Swali la msingi huandikwa na kupelekwa mapema, kwa hiyo Waziri hujibu kwa karatasi. Utamu uko kwenye maswali mawili ya nyongeza, ambayo Waziri hakuyaona. Hayo mwandalieni mbunge wenu vizuri: wilaya gani imepata, ipi haijapata, lini.

Nauli ya kwenda Dodoma hatuna. Tuache?

Hapana. Bunge likiahirishwa, wabunge hurudi majimboni, na ofisi ya mbunge iko wilayani kwenu. Pelekeni barua pale, mchukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine mpeni diwani, nyingine ofisa ustawi wa jamii, nyingine ipelekeni SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyetu, ambalo Dodoma ni njia yake ya kila siku. Kama kuna redio ya jamii, ombeni nusu saa na msome barua ile ile hewani, bila kuongeza chumvi.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mwanzo andikeni mnachotaka, katikati idadi na bei, chini majina ya watu watatu wenye namba za simu ambazo zitapokelewa. Katibu wa mbunge akipiga na simu ikawa imezimwa, hatapiga mara ya pili. Kwetu kazi hiyo amepewa mama mmoja asiyeona anayeuza genge karibu na stendi. Simu yake imefungwa kwa kamba shingoni, imechajiwa muda wote, na idadi zetu zote, kata kwa kata, amezishika kichwani.